Mguu wa Kinyozi

Wiki iliyopita niliwaacha nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya shemeji yangu, viatu mkononi. Viatu nilivivua nikitegemea nitakaribishwa ndani. Sikukaribishwa.

Kwa aliyekosa kunisoma, mambo ni haya. Nilikunywa, nikasahau kumchukua binti yangu shuleni, mlinzi wa shule akampeleka kwake akamlisha na kumlaza. Asubuhi mke wangu alifunga virago akaenda na mtoto kwa dada yake. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningeondoka mapema zaidi.

Shemeji alinifungulia dirisha, siyo mlango.

"Shemeji, amesema hivi. Yeye hataki kiapo. Viapo vyako anavyo vya kutosha."

"Anataka nini basi?"

"Kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana kila Ijumaa saa kumi, ukumbi wa nyuma ya posta. Uende. Ukienda atasikia."

"Atasikiaje?"

"Hiyo siyo kazi yako."

Akafunga dirisha. Nikavaa viatu vyangu nikaenda zangu.

Ijumaa nilitoka kazini saa tisa na nusu. Ilikuwa siku ya sita sijagusa kitu. Kama hujawahi kuacha pombe, siku ya sita ni hivi: unasaini daftari la kutokea na saini inatoka ya mtu mwingine. Msimamizi aliitazama ile saini, akanitazama mimi, akalifunga daftari. Tayari nilikuwa na barua mbili za onyo kutoka kwake.

Ule ukumbi niliupita mara tatu. Mara ya nne mlinzi wa getini akaniita.

"Bwana, unatafuta nini?"

"Mkutano."

"Mkutano wa nini?"

Neno pombe nimelitamka mbele ya wauzaji bila haya tangu nikiwa kijana. Pale getini nililikwepa.

"Ule wa saa kumi," nikasema.

"Saa kumi ni mlango wa pili kushoto. Pita."

Nikapita. Niliposukuma mlango nilikuta watu kama kumi na watano wamekaa duara. Wengi wanawake, na wanaume wawili waliokaa wima kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Mama mmoja mwenye koti jeupe alikuwa amesimama mbele.

"Karibu kaka. Mbona umekuja peke yako?"

"Mke wangu ameondoka."

Chumba kizima kikasema pole. Nikaona, kumbe watu hawa ni wema.

"Umekuja, hilo ndilo la maana," akasema yule mama. "Jitambulishe ukiwa tayari."

Nikasema moyoni, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikabaki nimesimama.

"Ndugu zangu, jambo hili nimelificha muda mrefu. Nilidhani watu hawataona. Sasa limeonekana na kila mtu, na siwezi tena kulificha. Mimi ni mlevi."

Dada mmoja karibu na dirisha akaanza kucheka mpaka akalishika tumbo lake, na hapo ndipo nilipoyaona matumbo. Yote. Moja baada ya jingine, duara zima.

"Kaka yangu," akasema yule mama, naye akijizuia, "hili ni darasa la wajawazito. Mimi ni mkunga."

Nilitamani nipite chini ya mlango.

"Usione haya. Mficha uchi hazai. Nawaimbia hawa kila Ijumaa, na leo wewe umetushinda wote. Wenzako wako nyuma, kwenye stoo ya viti."

"Waambie watuachie sukari ya chai," akasema yule wa dirishani.

Nilitoka nao wakinipigia makofi. Nawaambia ukweli, yale makofi yalinipa nguvu. Ningekuwa nimeingia kimyakimya kule stoo ningegeuza mlangoni.

Stoo ilijaa viti vilivyopangwa juu ya vingine mpaka darini. Katikati walikaa watu watano, na birika la chai sakafuni.

"Karibu," akasema mmoja, mwanaume mwembamba wa makamo. "Hapa hatuulizi jina wala kazi. Kila mtu tunamwita anavyotaka. Mimi Kinyozi, kwa sababu siwezi kuficha, angalia nywele za watu zilivyojaa kwenye shati langu. Wewe je?"

"Niiteni Mgeni."

"Mgeni siku mbili," akasema bibi mmoja mwenye miwani. "Ya tatu tunakupa jembe."

Huyo wanamwita Bi Mkubwa. Alikuwa karani, sasa amestaafu. Miaka thelathini alikunywa konyagi ofisini kwenye kikombe cha chai, na bosi wake akimsifu kwa wageni kwamba hajaona mtu anayependa chai namna ile. Pembeni yake alikaa Dereva, pande la mtu, wa malori. Wawili waliobaki hawakusema neno siku ile, kwa hiyo niwaache.

Utaratibu wao ni mmoja tu: anayeshika kikombe ndiye anayesema, na wengine hawajibu mpaka akiweke chini. Kikombe kikaanza kwa Kinyozi.

"Leo naomba niseme kwa urefu, kwa sababu ya kesho," alisema. "Mgeni hajui, nyie mnajua. Mguu wangu mmoja ni wa kutengenezwa. Wa kuzaliwa nao ulikatwa baada ya ajali ya pikipiki, na huo hauna kesi. Kesi ni ya huu wa pili."

Dereva akacheka kidogo. Inaonekana Kinyozi huanza na mzaha huo kila mara.

"Mwaka juzi, mwezi wa tisa, Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimeshakunywa chupa mbili. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu. Akasema, baba nibebe. Mama yake akasema, usimbebe, umelewa. Nikasema sijalewa. Nyumba yetu ilikuwa ya juu, ngazi kumi na moja. Ya nne nikaanguka naye."

Akanywa chai.

"Alivunjika nyonga. Sasa ana miaka mitano, anachechemea. Watoto wenzake wanamwiga anavyotembea. Mguu ulikuwa mpya, wiki mbili tu tangu nipewe. Niliurudisha kwa mafundi wakaukagua, wakaniandikia mguu ni mzima. Basi, kilichobaki ni mimi na pombe yangu. Nikamwambia mke wangu, ni kweli, ulinikataza. Tangu siku ile sijaonja. Mwaka na miezi minane."

Mimi nilikuwa nautazama mguu wake tangu aliposema mwezi wa tisa.

"Mke wangu na mtoto wako kwa bibi yake. Namwona mwanangu Jumapili, kwa saa moja tu, sebuleni, bibi amekaa katikati yetu. Na kesho saa nne familia zinakaa. Dada wa mke wangu anataka kuwachukua wote wawili wakaishi kwake, safari ya siku mbili kutoka hapa. Mke wangu ameniambia, nipe sababu moja tu ya kukuamini tena na mtoto, nibaki. Nimeitafuta wiki nzima. Sina."

Akaweka kikombe chini. Alipoinama suruali yake ilipanda, na pale kwenye kifundo cha mguu, juu ya kichwa cha skrubu, nikaiona nukta ya rangi ya kijani.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtakaponichukia, na mna haki.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza miguu ya bandia. Katika mji huu karakana ni moja. Wateja wanapimwa mbele, sisi tunaunga nyuma, hatuonani. Skrubu ya kifundo ndiyo inayoshika unyayo. Unaikaza kwa ufunguo wake mpaka ulie, ishara kwamba imekaza, ndipo unaweka nukta ya rangi juu ya kichwa chake. Nukta maana yake ni: hii nimeikaza, nathibitisha. Kila fundi ana rangi yake, na msimamizi akipita hakazi tena, anatazama nukta. Ya kwangu ni kijani.

Lakini asubuhi mikono yangu ilikuwa inatetemeka, brashi haishikiki. Mchana nikishakunywa kidogo inatulia. Kwa hiyo nikajipangia ujanja wangu. Mchana, mikono ikiwa imetulia, napaka nukta miguu yote ya siku hiyo mara moja, hata ambayo sijaikaza. Kukaza nakuacha kesho yake asubuhi, maana kukaza hakuhitaji mkono uliotulia. Nilifanya hivyo miezi kadhaa na nilijiona mjanja.

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, Jumatatu moja, mguu ulirudi mezani kwangu na kadi: "Mteja ameanguka ngazini. Ukaguliwe." Niligusa ile skrubu kwa kidole. Ikazunguka. Kwa kidole tu, bila ufunguo: mguu ulikuwa umetoka na nukta yangu kabla sijaukaza.

Nikatazama huku na huku. Nikaikaza. Nikapaka nukta upya. Kwenye kadi nikaandika kwa mkono wangu: "Hakuna kasoro."

Sikujua kwamba kulikuwa na mtoto. Najitetea kwa hilo, na halinisaidii.

Kikombe kilikuwa kimenifikia. Dereva alikuwa ananishikisha.

"Sema lolote, Mgeni. Hata salamu."

Kinyozi alinitazama akitabasamu kunitia moyo. Yeye, mimi.

"Nashukuru kuwakuta," nikasema, nikampa Bi Mkubwa kikombe.

Woga huo sijapata kuuonea haya kama leo ninapouandika. Kikao kilipokwisha nilitangulia kutoka. Nilikuwa nimefika ukumbini, kati ya wajawazito waliokuwa wanaondoka, niliposikia fimbo ya Bi Mkubwa nyuma yangu.

"Mwanangu, simama. Wengi hukimbia siku ya kwanza. Lakini wewe ulikuwa umekaa vizuri mpaka Kinyozi aliposema. Una nini na Kinyozi?"

Nilimweleza. Yote, palepale, tumeegemea ukuta. Alinisikiliza bila kuvua miwani.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimwambie nani?"

"Lina mwenyewe hili. Yuko ndani anaosha vikombe."

"Bi Mkubwa, fikiria. Yule ameacha pombe kwa sababu anaamini alimwangusha mwanawe kwa ulevi. Nikimwambia si ulevi, ni mimi, kesho atarudi kwenye chupa. Nitakuwa nimemwangusha mara ya pili."

"Hilo ndilo linalokuzuia? Au ni kazi yako?"

Wajawazito wawili walipita, mmoja akanipungia mkono.

"Vyote viwili," nikasema.

"Haya. Hilo angalau ni la kweli. Anza nalo, ukamalizie ndani."

Nikarudi. Kinyozi alikuwa ameinama kwenye ndoo, na Dereva anafuta vikombe. Nilisema bila kukaa, kwa sababu ningekaa ningetafuta maneno mazuri. Nikasema mimi ni fundi wa nyuma. Nikasema skrubu, nukta, kadi. Nikasema ni mimi niliyeandika hakuna kasoro.

Kinyozi aliendelea kuosha kikombe kilekile.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hata ningekuwa sijanywa, ningeanguka?"

"Ungeanguka. Kama si siku ile, kesho yake."

"Na kesho yake ningekuwa nimembeba vilevile," akasema taratibu. "Nilikuwa nambeba kila siku."

Dereva alikuwa ameshaweka kitambaa chini. Alinisogelea, na mimi sikurudi nyuma. Nilikuwa nataka anipige. Angenipiga ningepata usingizi.

"Mwache," akasema Kinyozi. "Na wengine je? Miguu mingine uliyoipaka rangi?"

"Sijui."

"Hujui."

"Wanaorudi kwa matengenezo nimewakazia. Ambao hawajarudi, sijui."

Akakaa juu ya kiti. Nikasikia mkunga kule nje akifunga mlango wake kwa ufunguo.

"Unajua ni kwa nini sijanywa mwaka na miezi minane?" akaniuliza. "Siyo kwa uanaume. Kila nikitamani, nasikia ule mfupa wa mwanangu. Nausikia masikioni, natema mate, napita. Sasa hivi natamani, na sisikii kitu."

Bi Mkubwa akaja akamshika bega.

Kinyozi akakunja suruali. Akafungua mikanda, mmoja, wa pili, akauvuta mguu na kuutoa, kiatu na soksi vikiwa humohumo. Akanipa. Nimeshika miguu maelfu katika maisha yangu, lakini ule niliushika kwa mikono miwili.

"Kaa nao. Mimi nikibaki nao leo, najua utakaponipeleka. Baa iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Dereva atanibeba mpaka kitandani."

"Magongo huna?"

"Niliyagawa siku mliponipa huu."

Akapangusa mikono kwenye shati.

"Kesho saa nne uulete mwenyewe, kwa mama mkwe wangu, geti jeupe nyuma ya kiwanda cha mabati. Unifunge mguu mbele yao wote. Halafu useme mbele ya mke wangu ulivyosema hapa. Ile kadi useme. Usipokuja nitakaa mbele ya wazee sina mguu wala neno, na wataondoka na mwanangu. Na kama utakuja umelewa, bora usije. Nani atamwamini mlevi anayemtetea mlevi?"

"Nitakuja."

"Sijakuuliza."

Dereva akambeba mgongoni. Kinyozi hakugeuka kunitazama.

Bi Mkubwa alinipa sweta lake niuzungushie mguu. Halikutosha. Nilitembea barabarani kwenye saa kumi na mbili jioni, kiatu kimechomoza kwapani, na watu wananipisha. Mshona viatu wa pembeni ya posta akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia anakuja.

Simu ikaita. Nikatazama jina, nikasimama. Mke wangu alikuwa hajanipigia kwa wiki tatu.

"Baba Kidosho."

"Naam, Mama Kidosho."

"Nimesikia umeenda."

"Nimeenda."

"Nimesikia pia ulianzia kwa wajawazito." Akacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia mwaka mzima. "Mkunga ni rafiki yake dada. Amempigia simu hata kusema hawezi kwa kucheka."

Nami nikacheka, pale barabarani, nimekumbatia mguu wa mtu.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Dada anasafiri kesho, anafunga nyumba. Nilikuwa nifuatane naye. Nimemwambia sitakwenda. Njoo utuchukue saa nne. Kidosho ameshapanga begi lake, amelikalia. Saa nne kamili, Baba Kidosho. Nikikaa pale nje na mtoto nikakusubiri kama alivyokusubiri yeye shuleni, sitakuja tena kukupigia."

Nikaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumsaidia.

"Mama Kidosho, saa nne siwezi."

"Huwezi."

"Saa nne na nusu. Saa tano."

"Una nini saa nne?"

"Nina mguu wa mtu."

"Una nini?"

"Mguu. Wa kinyozi. Nimeubeba hapa, lazima niurudishe saa nne, mwenyewe amebebwa, hawezi kutembea. Nisipoupeleka mtoto wake atachukuliwa..."

Niliyasikia maneno yangu yakitoka. Niliyasikia kama anavyoyasikia yeye. Nimewahi kumwambia gari limezama. Nimewahi kumwambia msimamizi amefariki, na msimamizi akaja nyumbani wiki hiyohiyo.

"Umekunywa," akasema. Hakuuliza.

"Hapana."

Ilikuwa kweli. Siku ya sita. Lakini niliitamka kwa sauti ileile niliyoitamka nayo miaka yote, maana sina nyingine.

Hakukata simu. Aliiondoa tu mdomoni, na nikamsikia akisema na mtu mwingine, kwa upole.

"Kidosho, shuka kwenye begi, mama. Kesho tunasafiri na mama mkubwa."

Mtoto hakuuliza kwa nini.